Kitari na Sintesaiza ya Kwanza: Jua Kwanza Sauti Inazaliwa Wapi

Kitari ni kinanda kinachovaliwa begani kwa mkanda kama gitaa: mkono wa kulia unacheza vitufe, wa kushoto unashika shingo. Anayetafuta cha kwanza huvutwa na umbo, na si ajabu, maana ni umbo lililokipandisha jukwaani tangu enzi za Moog Liberation ya 1980. Ila umbo halitakwambia jambo unalopaswa kulijua kabla ya yote: ukibonyeza kitufe, sauti inatoka wapi?

Viko vitari vyenye injini ya sauti ndani. Unachomeka waya mmoja kwenye spika, kazi inaanza. Roland AX-Edge iliyotoka 2018 ni ya kundi hili, Korg RK-100S pia, na Yamaha SHS-500 imebeba hata spika ndogo mwilini mwake. Kundi la pili halina sauti yake hata chembe. Hivyo ni vidhibiti: vinatuma ujumbe wa midi, lugha ya vyombo vya muziki vya kielektroniki, unaosema nota fulani imebonyezwa kwa nguvu fulani, na chombo kingine ndicho kinachoimba. Yamaha KX5 ya 1984 ilikuwa hivyo, na Alesis Vortex Wireless 2 ni hivyo. Mtu akinunua kidhibiti akidhani amenunua ala kamili, atakigeuza huku na huku akitafuta tundu la spika asilione, kwa sababu halipo.

Kwa haraka haraka utasema chenye sauti ndani ndicho bora. Kwa jukwaani, mara nyingi ni kweli: waya mmoja, hitilafu chache. Kwa kujifunza, hapana. Vitari vyenye sauti ndani huwa na nobu (vifundo vya kuzungusha) chache mno, na kazi yoyote ya kina ya kuunda sauti inakupeleka kwenye programu ya simu au kompyuta. Unabaki kuchagua sauti zilizowekwa kiwandani, hii nzuri, ile mbaya, bila kujua kwa nini. Ndiyo maana tunashauri utenganishe mambo mawili: sintesaiza, yaani chombo kinachounda sauti kwa umeme, ya kujifunzia iwe na nobu nyingi mbele ya macho yako, na kitari kichaguliwe kwa jinsi kinavyochezeka.

Shingo kwanza, vitufe baadaye

Ukiwa na kinanda cha mezani, mkono wa kushoto unacheza besi au akodi. Kwenye kitari mkono huo umeondolewa kwenye vitufe kabisa. Kazi yake sasa ni kupinda nota, kutikisa sauti, kushikilia nota na kuhamisha oktavu. Kitari kisicho na shingo nzuri ni kinanda kifupi kisichoketi mezani, basi. Kwa hiyo unapokijaribu, vaa mkanda, simama, fumba macho, kisha uone kama kidole gumba na vidole vingine vinafika kila kidhibiti bila kutafuta.

Kidhibiti cha kupinda nota huja kwa sura mbili kuu. Ya kwanza ni gurudumu au kijiti chenye springi: ukikiachia kinarudi katikati chenyewe. Ya pili ni utepe unaohisi mguso. Utepe unakupa mitelezo mirefu ambayo gurudumu haliwezi, ila una tabia zake. Kwenye tepe nyingi, ukiinua kidole nota inarudi mahali pake ghafla, si polepole, hivyo inabidi urudishe kidole hadi ulipoanzia kabla ya kukiinua. Vidole vyenye jasho hufanya usomaji wake kurukaruka. Kwa mwanzoni springi ni rahisi zaidi. Kwa anayepiga solo ndefu, utepe unastahili jasho lake.

Kitufe cha kushikilia nota kiwe upande wa nyuma wa shingo au mahali ambapo kidole hakihitaji kuacha utepe. Kipimo cha mwinamo, kile kinachobadilisha sauti ukiinua shingo juu, kizime siku za mwanzo. Kinapendeza machoni, lakini mwili wako unayumba kila wakati bila wewe kujua, na sauti itayumba nao.

Idadi ya vitufe inawasumbua watu kuliko inavyostahili. Vitufe 37 ni oktavu 3 na nota moja juu. 49 ni oktavu 4 na nota moja. Kwa kuwa unacheza kwa mkono mmoja, 37 vinatosha solo na akodi za nota tatu au nne, mradi vitufe vya oktavu viko karibu. Ukubwa wa kila kitufe ndio wa kuangalia. RK-100S na SHS-500 zina vitufe vidogo, AX-Edge ina vya ukubwa kamili. Mwenye mikono mikubwa aliyezoea piano atakosa nota mara nyingi kwenye vidogo. Anayeanza kutoka sifuri huvizoea mapema, lakini akihamia piano ataona umbali wote umebadilika. Hakikisha pia vitufe vinahisi nguvu ya kubonyeza. Sintesaiza SH-101 ya Roland, iliyotoka 1982 na ikapata mkono wa kuifanya ivaliwe begani, haikuwa na hisia hiyo, wala haikutoa zaidi ya nota moja kwa wakati. Leo huna sababu ya kuikosa.

Uzito: AX-Edge inakaribia kilo 4 au inazidi kidogo ikiwa na betri, SHS-500 iko karibu kilo 1.5. Kilo 4 si kitu dukani, ni jambo lingine baada ya saa nzima. Tumia mkanda mpana, sentimita 7 au 8, na urekebishe urefu hadi kifundo cha mkono wa kulia kinyooke: vitufe viwe usawa wa mbavu za chini. Wanaokishusha hadi mapajani hupata picha nzuri na maumivu ya kifundo.

Sintesaiza ya kujifunzia

Ukiwa na kompyuta, huhitaji kununua sintesaiza yoyote kwa sasa. Surge XT ni programu huria ya bure na ina kila kitu kilichotajwa hapa chini. Vital ina toleo la bure, na skrini yake inaonyesha mawimbi yakitembea, jambo linalomsaidia sana anayeanza. Dexed, nayo ya bure, inaiga sintesaiza Yamaha DX7, lakini iache kwa baadaye. Njia yake ya kuunda sauti ni ngumu kuifuata kwa masikio tu. Ukitaka chombo cha kushika, Korg Minilogue ni mfano mzuri wa aina unayoitaka: nota 4 kwa pamoja, nobu moja kwa kazi moja, na matundu ya midi ya kawaida ya pini tano. Sintesaiza yenye skrini moja na nobu moja ya kila kitu inaweza kuwa na nguvu mara kumi, na bado usijifunze chochote humo.

Sauti ya kwanza ya kuunda kwa ajili ya kitari ni ya solo. Anza na sauti tupu ya programu, ile isiyo na marekebisho, kisha fuata hivi.

Osilata, sehemu inayozaa wimbi la sauti, huwa zaidi ya moja: ya kwanza ipe wimbi la msumeno. Ya pili nayo msumeno, lakini ipandishe senti 7 juu ya ya kwanza. Senti 100 ndiyo nusutoni moja, kwa hiyo ni tofauti ndogo, inayosikika kama unene unaotembea. Ukizidisha hadi 20 au 25 utapata sauti pana ya akodi, ila solo itasikika imechacha kidogo kila ukifika nota ndefu.

Kichujio kiwe cha kupitisha sauti za chini, chenye mteremko wa desibeli 24 kwa oktavu. Mpaka wa kukata uweke karibu hezi 1,200, resonansi (msisitizo wa sauti zilizo karibu na mpaka huo) asilimia 15 hadi 20. Envelopu ni mwendo wa mabadiliko tangu kitufe kibonyezwe hadi baada ya kuachiwa. Ya kichujio, zile herufi A, D, S na R: muda wa kupanda sifuri, wa kushuka milisekunde 400, kiwango cha kutulia nusu, muda wa kufifia 200. Iruhusu isukume kichujio kwa theluthi moja hivi. Envelopu ya ukubwa wa sauti: kupanda milisekunde 5, kutulia juu kabisa, kufifia 150. Hizo 5 za mwanzo si pambo. Ukiweka sifuri, wimbi linaanza katikati ya safari yake na unasikia "tak" kila nota.

Sasa sehemu inayofanya kitari kiwe kitari. Badilisha hali ya kucheza iwe nota moja kwa wakati, yenye kuunganisha, na muda wa kuteleza kutoka nota hadi nota uwe milisekunde 60. Hapo ukishika nota moja na kubonyeza nyingine kabla ya kuachia ya kwanza, sauti inateleza bila envelopu kuanza upya. Ukiachia kwanza, nota mpya inapigwa upya. Mkono wa kulia umepata namna mbili za kutamka bila kubadilisha nobu yoyote. LFO, osilata ya polepole isiyosikika yenyewe bali hutikisa nyingine, ipe wimbi laini, mizunguko 5.5 kwa sekunde, iende kwenye osilata zote, na kina chake kitawaliwe na kidhibiti cha modulesheni (cha kutikisa sauti) kilicho shingoni, mwisho wake senti 40. Mtikisiko unaowashwa muda wote unachosha sikio. Unaoletwa na kidole mwishoni mwa nota ndefu unaimba. Malizia na mwangwi wa milisekunde 350 kwa asilimia 20, si zaidi.

Ikiwa nota mpya hazisikiki ukiwa umeshikilia ya zamani, chunguza kipaumbele cha nota. Sintesaiza ya Minimoog ya asili hutoa kipaumbele kwa nota ya chini, na programu zinazoiiga huweza kurithi tabia hiyo: ukishika nota ya chini, za juu zote zinanyamaza. Weka kipaumbele cha nota ya mwisho.

Kupinda nota nako kuna mtego. Kitari hakitumi "panda toni moja". Kinatuma mahali kidole kilipo tu, na sintesaiza ndiyo inayoamua mahali hapo ni sawa na nusutoni ngapi. Kawaida ni 2 juu na 2 chini. Ukibadilisha sauti na kupinda kukawa kwa oktavu nzima, kitari hakina kosa. Kila sauti iliyohifadhiwa imebeba mpangilio wake. Weka 2 kwenye sauti zako zote hadi sikio lizoee.

Nyaya, na kwa nini hakuna kinachosikika

Hapa ndipo wanaoanza wengi hukwama. Midi imekuwepo tangu 1983, na kitari cha miaka hiyo kinaweza kuongea na sintesaiza ya leo bila shida, mradi vyote viwili vina tundu la pini tano. Kutoka kwenye tundu la kutoa la kitari kwenda tundu la kuingiza la sintesaiza, ukigeuza, kimya.

USB ni habari nyingine. Kwenye USB lazima upande mmoja uwe mwenyeji na mwingine mgeni. Kitari ni mgeni. Sintesaiza karibu zote ni wageni pia. Ukitafuta waya wa kuwaunganisha moja kwa moja, utaupata, utaingia, na hakitatokea chochote, kwa sababu hakuna mwenyeji wa kuwatambulisha. Unahitaji kompyuta katikati, au kisanduku kidogo cha mwenyeji wa midi. Kabla ya kununua jozi yoyote, tazama nyuma ya kila kimoja: kama kitari kina USB peke yake na sintesaiza ina pini tano peke yake, weka kisanduku hicho kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Vyombo vidogo vingi vimeacha pini tano na kutumia jaki ya milimita 3.5. Kwa muda mrefu watengenezaji waliunganisha waya za ndani kwa namna mbili, aina A na aina B, hadi 2018 aina A ilipochaguliwa kuwa ya kawaida. Vyombo vya kabla ya hapo viko vya kila aina. Adapta ikiwa ya aina isiyo sahihi hakuna kitakachoungua, ila hakuna kitakachosikika pia, na utahangaika na chaneli bure.

Chaneli zenyewe ni 16. Weka kitari na sintesaiza, vyote viwili, kwenye 1 na uviache hapo.

Urefu wa waya una maana kwenye kitari kuliko kwenye kinanda cha mezani, kwa kuwa unatembea nacho. Waya wa pini tano unaruhusiwa hadi mita 15. USB ya kawaida isiyo na kikuza mawimbi huishia mita 5, na ukizidisha unaanza kupoteza mawasiliano katikati ya wimbo. Upitishe waya chini ya mkanda kabla ya kuuchomeka, ili ukiukanyaga ukivutwa uvute mkanda, si tundu. Tundu lililong'oka kwenye bodi ni ugonjwa mkuu wa vitari vya mitumba.

Mawasiliano yasiyo na waya ni raha hadi yakatike. Midi hutuma ujumbe mmoja nota inapobonyezwa na mwingine inapoachiwa. Ule wa pili ukipotea hewani, nota inalia milele. Tafuta kitufe cha dharura cha kuzima nota zote kwenye programu yako, au kidhibiti namba 123, na ukiweke kwenye kitufe unachokifikia. Kifaa kinachotumia kipokezi chake cha gigahezi 2.4 kinagombea hewa na ruta ya intaneti. Kipokezi kikae juu, mahali panapoonana na wewe, si nyuma ya kompyuta sakafuni.

Sauti ikichelewa, usiilaumu midi. Ujumbe wa nota moja kwenye waya wa pini tano unachukua takriban milisekunde 1. Mkosaji kwa kawaida ni bafa ya kompyuta, yaani akiba ya sauti inayokusanywa kabla ya kutolewa. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya sampuli za bafa kwa kasi ya sampuli. 512 kwa 48,000 ni karibu milisekunde 10.7, na kuna nyongeza za njiani. 128 ni karibu 2.7. Anza na 128, ukisikia mikwaruzo panda 256. Kwenye Windows tumia kadi ya sauti ya nje yenye draiva ya ASIO (programu ya kupitisha sauti haraka), maana ile ya kawaida ya ndani huchelewa mno kwa mtu anayecheza. Na hedifoni za bluetooth usizitumie hata kwa majaribio. Zinaongeza ucheleweshaji mkubwa kuliko yote yaliyotajwa, utadhani umesahau kupiga mdundo.

Umeme nao. Adapta za volti 9 zinafanana plagi lakini si zote zina ncha hasi katikati. Roland hutumia hasi, vyombo vingine vingi chanya. Soma mchoro mdogo wa duara pembeni mwa tundu kabla ya kuchomeka. AX-Edge inakula betri 8 za AA, na Roland inataka za kuchaji za nikeli. Usichanganye nzee na mpya: iliyochoka inavuta nyingine zote chini, nayo huvuja.

Sauti inapotoka nje

Amplifaya ya gitaa itakata sauti za juu na kuipaka sintesaiza tope. Kuna wanaoipenda hivyo kwa solo chafu, na hawakosei, ila isiwe spika yako pekee. Amplifaya ya kinanda, spika za studio au mfumo wa jukwaani ndizo zinazosema ukweli. Ukiwa na waya mmoja, tumia tundu lililoandikwa la kushoto na mono. La kulia peke yake litakupa nusu ya sauti, na athari za stereo zitakuwa na mashimo. Kwa umbali mrefu hadi miksa pitia kisanduku cha DI (kinachoandaa mawimbi kwa waya mrefu), ambacho pia huondoa mvumo unaoletwa na kompyuta iliyochomekwa kwenye chaja. Mvumo ukiisha unapochomoa chaja, umeshampata mkosaji.

Kwa mwenye kompyuta, mpango wetu ni huu: kidhibiti cha vitufe 37, Surge XT, kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili ya kutolea, hedifoni za waya. Asiyetaka kompyuta karibu naye achukue kitari chenye sauti ndani na tundu la midi la kutoa, ili siku akinunua sintesaiza yenye nobu aiunganishe bila kubadilisha kitari. Mpango wa kitari kidogo chenye spika yake unafaa mtoto au mtu anayetaka kufurahi sebuleni, na hakuna ubaya.

Ukinunua cha mitumba, ukague ukiwa umekivaa. Bonyeza kila kitufe polepole, kisha kwa nguvu; kinacholia kwa kishindo hata ukikigusa kidogo kina kaboni chafu chini yake. Hilo linasafishika kwa spiriti ya isopropili, ila inabidi ufungue mwili wote. Shika nota moja ukiwa na tuna (kipima nota), pinda, achia: isiporudi kwenye nota ileile, kidhibiti kimechakaa. Fungua chumba cha betri utafute unga wa kijani au mweupe. Tikisa plagi ya midi ikiwa tunduni huku nota ikilia. Mwisho vuta vifungo vya mkanda kwa mkono, vyote viwili, kwa nguvu inayozidi uzito wa kitari chenyewe; kikicheza hata milimita moja, dai skrubu ibadilishwe kabla hujatoa pesa.